Mikono inayofundisha roboti na daftari la malipo yake

Kukunja shati ni kazi anayoiweza mtoto wa darasa la tatu. Kwa roboti ni mtihani. Leo programu ya akili mnemba inaandika barua ya kuomba kazi, inafupisha hukumu ndefu ya mahakama na kutatua hesabu za kidato cha sita kwa sekunde chache, lakini ukiiunganisha na mkono wa chuma na kuitandikia shati mezani, inababaika. Mtaalamu wa roboti Hans Moravec aliliandika jambo hili mwaka 1988. Alisema ni rahisi kuiwezesha kompyuta icheze drafti kama mtu mzima, ila ni vigumu mno kuipa uwezo wa kuona na kutembea alionao mtoto wa mwaka mmoja.

Sehemu kubwa ya tatizo hilo ni data. Mwaka 2024 kampuni ya Meta ilipotoa modeli yake ya lugha iitwayo Llama 3, ilisema imeifunza kwa vipande vya maneno zaidi ya trilioni 15. Maneno hayo hayakutungwa kwa ajili ya kompyuta. Watu walikwisha kuyaandika katika shughuli zao, kwenye vitabu, magazeti na mitandao, yakawa yanamsubiri mwenye mitambo ya kuyakusanya. Mikono haina akiba ya namna hiyo. Hakuna aliyewahi kuandika popote kidole gumba kinakandamiza ukosi wa shati kwa nguvu kiasi gani, wala kiganja kinageuka nyuzi ngapi wakati wa kufungua kifuniko cha chupa. Data hiyo haipo mpaka mtu akae aitengeneze.

Hapo ndipo wanapoingia watu wa blokucheni, teknolojia ile iliyozaa Bitcoin na sarafu nyingine za kidijitali. Wanasema kama dunia inahitaji mamilioni ya saa za kumbukumbu za mikono, macho na magari ya watu yakiwa kazini, basi watu hao waandikwe, mchango wa kila mmoja uhesabiwe, na malipo yamfikie moja kwa moja kwenye simu bila kupitia kwa dalali. Ni hoja nzuri. Lakini daftari safi ni jambo moja na biashara ya haki ni jambo jingine, na Afrika Mashariki imekwisha kulipia somo la tofauti hiyo.

Mwaka mzima, saa 350

Ili kuelewa kwa nini data ya roboti ni ghali, tazama inavyotengenezwa. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha mtambo waliouita ALOHA, uliogharimu chini ya dola 20,000, bei ambayo katika fani hiyo huhesabiwa kuwa nafuu. Mtambo una mikono minne. Mtu anashika miwili midogo, na kila anapoisogeza, miwili mikubwa iliyo mbele yake inafuatisha. Mara 50 kila sekunde, kompyuta inaandika pembe ya kila kiungo, huku kamera nne zikirekodi meza kutoka pande tofauti.

Sasa mtu huyo afungue kikopo kidogo cha plastiki cha kuwekea sosi. Anakiinamisha kwa mkono mmoja, anakishika kwa mwingine, anatia ncha ya kidole cha chuma chini ya kifuniko na kukibandua. Akimaliza, anarudisha kikopo mahali pake na kuanza upya. Anafanya hivyo mara 50 hivi. Kwa baadhi ya kazi za aina hiyo, roboti iliyofunzwa kwa marudio hayo ilifanikiwa kwa asilimia 80 hadi 90. Lakini ni kikopo kilekile, juu ya meza ileile. Ipelekee kikopo kingine, chini ya taa nyingine, huna tena uhakika.

Tiba yake ni kukusanya marudio mengi zaidi, kwenye nyumba nyingi zaidi. Mradi wa DROID, uliotolewa mwaka 2024 kwa ushirikiano wa taasisi 13, ulitumia wakusanyaji 50 katika mabara matatu kwa miezi 12. Walipata maonyesho 76,000 ya kazi za mikono, jumla ya saa 350. Ukiziangalia saa hizo mfululizo, usiku na mchana, hazifiki siku 15. Mwaka mmoja kabla yake, Google DeepMind na maabara nyingine zilikuwa zimeunganisha data zao katika mkusanyo wa Open X-Embodiment, wenye maonyesho zaidi ya milioni 1 kutoka aina 22 za roboti. Kwa watafiti hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Ukiyaweka kando ya trilioni 15 za Llama, unaelewa kwa nini kampuni za roboti zinatafuta watu wa kurekodiwa kila kona.

Dunia imewahi kupita njia hii. Kompyuta zilijifunza kutambua picha kwa msaada wa ImageNet, mkusanyo uliozinduliwa mwaka 2009 chini ya uongozi wa Profesa Fei-Fei Li, ambao baadaye ulifikia picha zaidi ya milioni 14. Picha hizo zilipangwa na kupewa majina na vibarua wa mtandaoni karibu 49,000 kutoka nchi 167, kupitia soko la kazi ndogondogo la kampuni ya Amazon ambako kazi moja hulipwa kwa senti. Utajiri uliotokana na teknolojia hiyo unajulikana. Vibarua hao hakuna anayewajua, na hakuna daftari la wazi linaloonyesha nani alifanya nini.

Leja isiyofutika

Wazo la kuandika jambo la kidijitali lisiweze kubadilishwa kimyakimya lina umri mkubwa kuliko Bitcoin. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Stuart Haber na Scott Stornetta, walichapisha njia ya kuthibitisha kwamba faili fulani lilikuwapo siku fulani, na kwamba tangu hapo halijaguswa. Kampuni waliyoianzisha ilianza mwaka 1995 kuchapisha muhtasari wa kumbukumbu zake kila wiki kwenye kurasa za matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Ili kughushi kumbukumbu ya nyuma, ungelazimika kuyakusanya na kuyabadili magazeti yote yaliyokwisha kuuzwa. Oktoba 2008, mtu au kikundi kinachojiita Satoshi Nakamoto kilipotoa andiko la Bitcoin, kazi za wawili hao zilikuwa miongoni mwa marejeo machache yaliyotajwa.

Tuseme fundi cherehani amejirekodi kwa sekunde 40 akishona kifungo. Video hiyo inapitishwa kwenye kanuni ya kihesabu iitwayo SHA-256, na inatoka heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Kutoka kwenye heshi huwezi kuirudisha video. Lakini ukibadilisha nukta moja tu ya rangi kwenye video, heshi inageuka yote. Kwenye blokucheni inaandikwa heshi hiyo, saa iliyoingizwa na anwani ya pochi ya kidijitali ya fundi. Kumbukumbu hiyo inafungwa pamoja na nyingine katika bloku, kila bloku inabeba heshi ya iliyotangulia, na nakala za leja nzima zinakaa kwenye kompyuta nyingi zisizo na bosi mmoja. Anayetaka kubadilisha mstari wa mwaka jana atalazimika kubadilisha kila kilichofuata, tena mbele ya macho ya wote.

Video yenyewe haiwekwi humo. Blokucheni ni ghali na finyu, haijajengwa kuhifadhi mafaili makubwa. Video inakaa kwenye seva ya kampuni, au kwenye mitandao ya hifadhi iliyotawanyika kama Filecoin, iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2020. Kinachoongezwa juu ya leja ni mkataba unaojitekeleza wenyewe. Ni programu iliyoandikwa kwamba kila mara kampuni inapolipia kutumia seti hii ya data, asilimia kadhaa igawiwe kwenye pochi za waliochangia, kwa kiwango cha mchango wao.

Wanunuzi nao wana sababu ya kutaka leja ya namna hii. Julai 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba modeli za akili mnemba zikifunzwa kwa maandishi yaliyotungwa na modeli nyingine, kizazi baada ya kizazi, zinaharibika na kuanza kutoa upuuzi. Mtandao unavyozidi kujaa maandishi na picha za kompyuta, data iliyotoka kwa binadamu halisi, kwa tarehe inayojulikana, inapanda thamani. Heshi iliyoandikwa mwaka 2021 inathibitisha kwamba faili lilikuwapo kabla ya wimbi la sasa.

Kamera kwenye dashibodi

Miradi ya kujaribu haya yote ipo. Mmoja unaofahamika zaidi ni Hivemapper, ulioanza kazi Novemba 2022 ukitumia blokucheni ya Solana. Dereva anapata kamera ya mradi, anaifunga kwenye kioo cha mbele na kuendelea na safari zake. Kamera inapiga picha barabara, programu inasoma vibao vya mwendo, taa na mabadiliko ya njia, nyuso za watu na namba za magari zinafichwa, na dereva analipwa kwa tokeni, yaani sarafu ya kidijitali ya mradi wenyewe, iitwayo HONEY. Kampuni ikitaka ramani hiyo inainunua, na ununuzi huo unafuta sehemu ya tokeni zilizo sokoni. Ramani za namna hii ndizo zinazohitajiwa na magari yanayojiendesha, kwa kuwa barabara hubadilika kila siku ilhali magari ya ramani ya kampuni kubwa hupita mara chache.

Mradi mwingine ni FrodoBots. Huu umesambaza vigari vidogo vyenye magurudumu manne na kamera kwenye njia za miguu za miji mbalimbali, kisha ukawaruhusu watu waviendeshe kupitia intaneti kana kwamba wanacheza mchezo wa kompyuta. Mchezaji anakwepa nguzo, anapanda ukingo wa barabara, anamsubiri mbwa apite. Kila anachokifanya kinarekodiwa na kuwa somo kwa roboti. Takriban saa 2,000 za uendeshaji huo, kutoka miji zaidi ya 10, zimetolewa bure kwa watafiti.

Upo pia mkondo wa masoko ya data, ambako Ocean Protocol, ulioanza mwaka 2017, umejulikana kwa mbinu yake ya kupeleka programu iliko data badala ya kuihamisha data. Hospitali yenye picha za eksirei haiziachii picha hizo zitoke. Programu ya mnunuzi inaingia, inajifunza, inatoka na matokeo tu. Kwa nchi zetu, ambazo data zake za afya, kilimo na lugha zina thamani lakini seva kubwa za kuzichakata ziko ng'ambo, mbinu hiyo inastahili kutazamwa kuliko tokeni yoyote.

Mizani ya getini

Udhaifu wa kwanza wa mfumo huu mkulima yeyote wa korosho wa Mtwara au Lindi ataukamata upesi. Kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, stakabadhi inaweza kuwa na muhuri, namba na saini zote zinazotakiwa. Lakini kama karani wa mizani aliibia kilo tatu kila gunia, stakabadhi hiyo inahifadhi wizi kwa uaminifu mkubwa. Blokucheni iko vilevile. Inathibitisha kwamba kilichoandikwa hakijabadilishwa. Haithibitishi kwamba kilichoandikwa ni kweli.

Hili si jambo la kudhania. Mtandao wa Helium, wa kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 2013, uliwalipa watu kwa tokeni ili wafunge majumbani vifaa vya kurusha mawasiliano ya redio kwa ajili ya vihisi na mashine ndogo. Malipo yalitegemea kifaa kiko wapi, na kama vifaa vya jirani vinakisikia. Haukupita muda, baadhi ya watu wakawa wanavirundika vifaa ndani ya chumba kimoja huku wakidai vimetawanyika mjini kote. Leja iliandika madai yao yote bila kosa. Hatimaye mtandao ulilazimika kutunga orodha ya vifaa vilivyofungiwa malipo, kazi iliyofanywa na watu, kwa uamuzi wa watu.

Kwa data ya roboti, hatari hiyo inaongezeka. Aliyelipwa kwa dakika atarefusha dakika. Aliyelipwa kwa idadi ya video atapeleka video ileile akiwa amepunguza mwanga kidogo, na kwa kuwa heshi imegeuka yote, leja itaiona ni mpya. Na sasa kuna programu zinazotengeneza video za mikono isiyokuwapo. Ndiyo maana miradi iliyo makini inatumia vifaa vyake yenyewe vyenye ufunguo wa siri uliofungwa ndani, inalinganisha data ya wachangiaji wawili waliopita njia moja, na bado inaajiri wakaguzi. Kila mkaguzi anayeajiriwa anarudisha ndani ya mfumo yule mtu wa kati ambaye blokucheni iliahidi kumwondoa.

Mnunuzi yuko wapi?

Udhaifu wa pili ni wa soko. Tokeni inaweza kutolewa kwa mtu kabla data yake haijapata mnunuzi. Hapo anayemlipa ni mtu mwingine aliyeinunua tokeni hiyo akitarajia itapanda bei, wala si kampuni ya roboti. Helium ilikuwa na vifaa vinavyokaribia milioni 1 duniani katikati ya mwaka 2022 pale ilipofahamika hadharani kwamba mapato kutoka kwa wateja waliotumia mtandao wake kupitisha data yalikuwa takriban dola 6,500 kwa mwezi. Watu walikuwa wametoa mamia ya dola kununua kifaa kimoja. Tokeni yake, iliyovuka dola 50 Novemba 2021, ilikuwa chini ya dola 3 mwaka 2022 ulipokuwa unaisha.

Mtandao huo haukufa. Ulihamia kwenye blokucheni ya Solana Aprili 2023 na kujielekeza kwenye huduma za simu, ambako kuna wateja wanaolipa. Lakini waliokuja mwisho, wakinunua vifaa kwa bei ya juu, ndio waliobaki na vifaa visivyowarudishia fedha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mradi wowote wa kuuza data ni nani analipa fedha halisi, na analipa kiasi gani kwa mwezi. Bei ya tokeni ya leo haijibu swali hilo.

Somo la Nairobi

Julai 24, 2023, mradi wa Worldcoin ulizinduliwa duniani. Mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT. Waanzilishi walieleza kwamba akili mnemba ikishakuwa na uwezo wa kujifanya mtu, kila binadamu atahitaji uthibitisho kuwa yeye ni mtu, na kwamba uthibitisho huo unapatikana kwenye mboni ya jicho. Kifaa chao ni tufe linalong'aa, lenye ukubwa wa mpira mdogo, linalopiga picha mboni na kuigeuza kuwa mfuatano wa namba. Aliyekubali macho yake yapigwe picha alipata tokeni 25, ambazo wakati ule zilikuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya.

Nairobi iliitikia. Maelfu ya watu, wengi vijana, walijipanga kwenye jumba la mikutano la KICC kwa siku kadhaa, wengine wakisema wazi kwamba hawajui mradi ni wa nini ila wanazitaka elfu saba hizo. Agosti 2 serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Kufikia hapo, kwa takwimu za serikali, Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wamejisajili. Ilikuja kujulikana kwamba ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikuwa imewaandikia wahusika tangu Mei mwaka huo kuwataka waache kukusanya. Baadhi ya waliosajiliwa waliombwa pia waruhusu picha za macho yao zihifadhiwe zitumike kuboresha programu za mradi, yaani ziwe data ya kufunzia mashine.

Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya, chini ya Jaji Roselyne Aburili, ilitoa uamuzi katika shauri lililofunguliwa na Katiba Institute na wenzake. Mahakama iliona kwamba tathmini ya athari kwa data binafsi inayotakiwa na sheria haikufanyika ipasavyo, na kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kumshawishi mtu kwa tokeni si ridhaa halali. Wahusika waliamriwa kufuta data za kibayometriki za Wakenya ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Kuhusu tokeni zenyewe, bei yake ilivuka dola 10 Machi 2024, na Aprili 2025 ikawa chini ya dola 1.

Uamuzi huo una uzito kuliko mradi mmoja. Sheria za ulinzi wa data za Kenya ya mwaka 2019, Uganda ya mwaka huohuo, Rwanda ya mwaka 2021 na Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, zote zinampa mtu haki fulani ya kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Blokucheni imejengwa ili kisifutike kitu. Njia ya kuyapatanisha haya ni kutoziweka kabisa taarifa za mtu kwenye leja, na ndivyo bodi ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya ilivyoshauri katika mwongozo wake wa Aprili 2025. Mradi unaojivunia kwamba kila kitu chako kitabaki kwenye leja milele unajivunia kitu ambacho mahakama inaweza kukiamuru kisiwepo.

Nairobi ina somo la pili, la malipo. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama, kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa, walikuwa wakibaki na kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Hakukuwa na utata wa nani alifanya kazi gani. Kumbukumbu zilikuwapo na mishahara ilihesabiwa. Blokucheni ingeweza kuiandika dola 1.32 hiyo kwa usahihi, isifutike milele, na isingeiongeza hata senti moja. Kilichotikisa meza ni wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za aina hiyo, wa kampuni mbalimbali, waliokutana Nairobi Mei Mosi mwaka huohuo na kupiga kura kuunda chama chao, pamoja na mashauri yaliyofikishwa mahakamani.

Kinachobaki

Ukitoa kelele za tokeni, faida ya teknolojia hii kwa data ya roboti na akili mnemba ni ya kweli, ingawa ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Inafaa kuthibitisha asili na tarehe ya data. Inafaa kugawa malipo madogomadogo kwa watu wengi wa nchi nyingi, ambao benki haziwezi kuwafikia kwa gharama nafuu. Inafaa kumpa mchangiaji ushahidi wa kazi yake ambao kampuni haiwezi kuukana. Ushahidi huo ungekuwa silaha nzuri mikononi mwa chama cha wafanyakazi au wakili.

Yaliyobaki ni kazi ya sheria na mapatano ya watu. Serikali zetu zimeanza upande mmoja. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma wa mali za kidijitali Oktoba 2025. Tanzania, ambayo Benki Kuu yake ilitoa tangazo la kuzikataa sarafu hizo Novemba 2019, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamisho wa mali za kidijitali kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2024. Sheria hizo zinatazama sarafu. Kazi ya mtu anayerekodiwa ili mashine ijifunze kwake haijapata jina katika sheria za ajira, na ndiyo inayokuja kwa wingi.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoletewa kamera ya kufunga kwenye gari, kofia ya kurekodi mikono yako jikoni au kiwandani, au programu ya simu inayoahidi tokeni kwa sauti yako, usiulize kwanza tokeni itapanda hadi ngapi. Uliza kampuni gani inanunua, kwa fedha ipi. Uliza nani mwingine ataonekana kwenye picha hizo, mteja wako, mtoto wako, mwajiri wako, na kama ameridhia. Uliza ukitaka kujitoa data yako inafutwaje, na ukidhulumiwa unashtaki katika mahakama ya nchi gani. Uliza kama malipo yanaendelea kila data inapotumika tena, au yanaishia siku ya kwanza. Majibu hayo yawe kwa maandishi, kwa lugha unayoielewa. Asiyeweza kuyatoa, muache aende na kamera yake.